Amplifaya ya valvu iliyolala stoo miaka mingi: namna ya kuiamsha bila kuiunguza

Usiichomeke. Neno hilo ni gumu kulitii kuliko yote yatakayofuata. Amplifaya imetoka stoo, imepanguswa vumbi juujuu, valvu zinameta, na kila aliyesimama hapo anasema, "Fundi, washa tu tuone." Nami niliwahi kuwasha tu nione. Valvu ziliwaka rangi ya chungwa, zikapendeza. Spika ikaanza kuvuma, mvumo ukapanda, na kabla mkono haujafika kwenye swichi, transfoma ya umeme ilikuwa inafuka moshi. Kapasita moja ya kuchuja, ile inayolainisha umeme wa DC, ilikuwa imepiga shoti, na aliyeigusa amplifaya ile kabla yangu alikuwa ameweka fyuzi kubwa kuliko inayotakiwa. Kubadilisha kapasita ni kazi ya nusu saa. Transfoma niliihangaikia miezi.

Kinachochekesha ni kwamba valvu, ambazo hulaumiwa kabla ya kingine chochote, ndizo zinazostahimili stoo kuliko vyote. Valvu ni chupa iliyozibwa, ndani hamna hata hewa. Unyevu upitie wapi? Kinachooza ni kilicho nje ya kioo: karatasi na nta za kapasita, kaboni ya rezista, raba iliyovishwa waya, bodi ya faiba inayofyonza maji kama sponji, soketi zilizoota kutu ya kijani. Kwa hiyo hapa tunakwenda kinyume na mazoea. Valvu zinatoka mapema na zinarudi mwishoni kabisa.

Kabla ya kutia mkono

Ndani ya amplifaya ya valvu mna volti 300 hadi 500 za DC, na zile kubwa huzidi hapo. Kapasita zake zinaweza kushika chaji hiyo muda mrefu baada ya plagi kutolewa. Iliyolala miaka haina chaji, na hapo ndipo penye mtego: unaizoea ikiwa imekufa, unaishika ovyo siku mbili tatu, halafu unaipa umeme mara ya kwanza na mkono bado una mazoea ya jana.

Tengeneza kifaa cha kutolea chaji. Chukua rezista ya kiloomu 10 ya wati 5, ichomee waya wenye klipu upande mmoja na ncha ya kugusia yenye mpini wa plastiki upande wa pili. Klipu ikae kwenye chasisi (fremu ya chuma ya amplifaya), ncha iguse upande chanya wa kila kapasita kubwa kwa sekunde 10, kisha pima. Zikiwa chini ya volti 10, endelea. Usitumie bisibisi kupiga shoti. Cheche ile huumiza kapasita na hukurusha mkono mahali usipotaka. Unapopima umeme ukiwa umewashwa, mkono mmoja ukae mfukoni, saa na pete zivuliwe, na asikose mtu mwingine ndani ya nyumba.

Mita yenyewe na nyaya zake ziwe zimeandikwa kwamba zinahimili volti 600 au zaidi. Kama kupima volti 400 kunakutia wasiwasi, fanya hatua 3 za mwanzo tu, maana hazihitaji umeme hata kidogo, kisha mkabidhi fundi aliyezoea valvu. Atakushukuru kwa kumpelekea kitu kisafi.

Hatua ya 1: Ikaushe na kuisafisha

Toa valvu zote. Piga picha kwanza, andika kila moja ilikuwa tundu gani, kisha zishike kwenye kitako, si kwenye kioo, uzitingishe kidogo huku ukivuta juu wima. Vumbi lake lipanguse kwa kitambaa kikavu. Usipitishe spiriti kwenye maandishi, kwa kuwa wino ule hufutika mara moja, na ukishafutika utabaki na chupa isiyo na jina.

Kama panya waliishi humo, usifagie kukiwa kukavu wala usipulize kwa kompresa. Mavumbi ya mavi na mkojo wao yanaweza kukuambukiza ugonjwa kupitia mapafu. Vaa barakoa na gluvu, lowesha kiota kwa dawa ya kuua vijidudu, kisha kitoe kikiwa kimelowa. Mkojo wa panya hula chuma: utaona madoa meupe au ya kijani kwenye chasisi na kwenye miguu ya soketi. Futa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji yaliyosafishwa, halafu pitisha alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi.

Jihadhari pia na karatasi nene ya kijivu-nyeupe iliyobandikwa ndani ya kasha juu ya valvu za nguvu, zile kubwa zinazoisukuma spika. Katika vifaa vya zamani inaweza kuwa asbesto. Usiikwangue, usiikate.

Kukausha ndiko wengi wanakoruka. Unyevu wa miaka hautoki kwa mchana mmoja. Weka chasisi mahali penye joto la nyuzi 40 hivi, hewa ikipita, kwa siku 3 hadi wiki. Nyuzi 40 zinatosha. Ukipandisha sana, nta ya kapasita za zamani itayeyuka na kutiririka. Transfoma ndiyo inayohitaji siku hizo, kwa sababu karatasi iliyo kati ya tabaka za waya zake inatoa maji polepole sana.

Hatua ya 2: Macho na pua

Sasa chukua tochi. Anza na waya wa umeme. Ukiwa wa raba, ukunje kuzunguka kidole kizima. Ukipasuka au ukiacha unga mweusi mkononi, kata na utupe wote. Waya wa nyuzi 2 usiokuwa na ethi ubadilishe uwe wa nyuzi 3, ethi ikifungwa kwenye chasisi kwa skrubu na nati yake yenyewe. Katika amplifaya nyingi za zamani zenye waya wa nyuzi 2 utakuta kapasita ndogo imetoka kwenye laini moja ya umeme kwenda moja kwa moja kwenye chasisi. Ikipiga shoti, chasisi yote inakuwa na umeme wa nyumba, pamoja na nyuzi za gitaa lililochomekwa. Hiyo iondoe.

Soma fyuzi na ulinganishe na kilichoandikwa kwenye chasisi. Tazama kiteuzi cha volti kama kipo, maana amplifaya iliyowekwa kwenye 110 ukiichomeka kwenye 230 haitakupa muda wa kujuta.

Nusa transfoma. Harufu ya vanishi iliyoungua haiishi hata baada ya miaka 20. Lami nyeusi iliyotiririka chini yake pia ni dalili mbaya, ingawa si hukumu. Kapasita za elektrolitiki zilizovimba, zilizovuja ute uliokauka, au zilizotoboka kifuniko cha raba, hizo zimeshakufa. Kwenye soketi za miguu 8 za valvu za nguvu, chunguza kati ya mguu wa 2 na wa 3: mguu wa 3 una volti za anodi (bati linalopokea umeme ndani ya valvu), wa 2 ni wa hita (waya unaoipasha valvu moto), na mara nyingi utakuta mstari mweusi wa kaboni ambapo umeme uliruka. Soketi yenye mstari huo haisafishiki. Kaboni imeingia ndani ya plastiki na itaruka tena.

Ukiona mapezi ya mraba ya chuma yaliyopangwa kama kurasa za kitabu, hiyo ni rekitifaya (inayogeuza AC kuwa DC) ya seleniamu. Ikiungua hutoa moshi wa sumu unaonuka vibaya kupita maelezo. Mimi siijaribu. Naweka dayodi ya silikoni na rezista ndogo mbele yake ili volti zisipande kupita zilivyokuwa.

Hatua ya 3: Mita, bila umeme

Pima transfoma ya umeme kwanza. Upande wa kuingilia utasoma omu chache hadi makumi. Upande wa volti kubwa husoma makumi hadi mamia ya omu, na nusu zake mbili ziwe karibu sawa. Upande wa hita unakaribia sifuri. Transfoma ya kutolea sauti ipimwe vivyo hivyo: kutoka waya wa kati kwenda kila anodi lazima pasome, kwa kawaida makumi hadi mamia ya omu. Ikiwa upande mmoja hausomi kitu, waya umekatika ndani, mara nyingi kwa kutu ya kijani iliyoula pale ulipotokea.

Halafu pima kati ya kila upande na chasisi. Mita ya kawaida itakuonyesha shoti ya wazi tu. Unyevu unaonekana kwa mita ya insulesheni ya volti 500, na ukiweza kuiazima, iazime. Fungua kwanza nyaya za transfoma ili usiingize volti hizo kwenye saketi nyingine. Mimi napenda kuona megaomu 20 na zaidi. Ikisoma chini ya 2, rudisha kwenye joto wiki nyingine upime tena. Nimewahi kuona transfoma iliyoanza na megaomu 1 ikafika 80 kwa siku 9, bila kuguswa na kitu isipokuwa hewa ya joto.

Rezista zina mbinu yake. Ukipima rezista ikiwa bado imefungwa kwenye saketi, njia nyingine za umeme zilizo sambamba nayo zinaweza kupunguza usomaji, haziwezi kuuongeza. Kwa hiyo ikisoma chini ya alama zake, huwezi kuihukumu bado. Ikisoma juu ya alama zake, ni kweli imepanda. Zile za kaboni hupanda kwa unyevu na umri. Yenye mistari ya kahawia, nyeusi, njano ni kiloomu 100. Ikiwa na mstari wa 4 wa fedha inaruhusiwa asilimia 10, yaani hadi 110. Nikikuta 140, inatoka. Nikikuta 115 na iko mahali pasipo na umuhimu mkubwa, naiacha. Mwenye kubadilisha kila kitu hajui alichorekebisha.

Spika nayo: ya omu 8 itasoma kama 6 au 7 kwenye mita. Sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili. Ikikwaruza, koili imejaa kutu au karatasi imepinda kwa maji.

Hatua ya 4: Kapasita

Hapa ndipo amplifaya nyingi zilizolala hufia.

Kapasita ya elektrolitiki inategemea utando mwembamba wa oksidi ya alumini, na utando huo hulindwa na volti zenyewe. Ikikaa miaka bila umeme, utando hulika. Siku utakapoipiga volti 400 kwa mkupuo, umeme unavuja ndani, joto linapanda, ute unachemka, na kifuniko kinaruka.

Kuna njia ya kuzirudisha: unazilisha volti kidogo kidogo kupitia rezista ya kiloomu 100, ukipanda volti 25 hadi 50 kila mara, na unasubiri volti zilizo kwenye rezista zishuke ndipo upande tena. Volti hizo ndizo zinazokuambia ukweli. Kwenye kiloomu 100, kila volti 10 ni mkondo wa miliampea 0.1 unaovuja. Kapasita ya maikrofaradi 47 ambayo baada ya saa kadhaa kwenye volti zake kamili bado inavujisha zaidi ya nusu miliampea, mimi siiamini. Na inayopata joto ukiishika (baada ya kuitoa chaji, tafadhali) inatoka siku hiyohiyo.

Ila niseme ninavyofanya kweli. Zikiwa na zaidi ya miaka 30 nabadilisha zote za kuchuja, bila mjadala, na kuzirudisha nawaachia wenye mkebe wa sehemu nyingi, yaani kapasita kadhaa ndani ya mkebe mmoja, usiopatikana tena. Mkebe wa zamani nauacha juu ya chasisi kwa sura yake, nimeukata nyaya zote chini, na mpya zinakaa chini ya chasisi. Angalia chanya na hasi mara 2. Volti zilizoandikwa kwenye mpya zisiwe chini ya za zamani. Usijaze maikrofaradi kwa tamaa ya kupunguza mvumo, hasa kama rekitifaya ni valvu: GZ34, ambayo ni ya wenye nguvu, mwisho wake ni 60 kwenye kapasita ya kwanza, na nyingine huvumilia chini ya hapo.

Kama valvu za nguvu zinapata bayasi (volti zinazoamua valvu ipitishe mkondo kiasi gani) ya volti hasi kutoka kwenye saketi yake ya pekee, kapasita ndogo ya saketi hiyo ibadilishe hata kama inasoma vizuri. Ni ndogo, ni rahisi kuipata, na ikifa valvu zote za nguvu zinaungua pamoja.

Neno kuhusu variaki, ile transfoma ya kuzungusha volti. Watu hupandisha umeme wa amplifaya nzima taratibu wakidhani wanazilisha kapasita polepole. Kama rekitifaya ni valvu, kwenye volti za chini hita yake haijapata moto, kwa hiyo kapasita hazipati chochote. Halafu ukifika zaidi ya nusu inaamka na kuzimwagia mamia ya volti kwa pamoja. Ama tumia dayodi za silikoni kwa muda kwenye soketi hiyo, ama zilishe kapasita kwa njia ya rezista.

Hatua ya 5: Umeme wa kwanza, kupitia balbu

Tafuta balbu ya waya, ile ya zamani inayotoa joto, LED haifai. Iunganishe kwa mfululizo kwenye waya wa laini, ndani ya boksi lenye soketi, ili umeme wote wa amplifaya upitie kwake. Kwa kuanza bila valvu, wati 40 inatosha. Baadaye, valvu zikiwamo, tumia wati 60 au 100 kulingana na ukubwa wa amplifaya.

Valvu zikiwa bado nje, washa. Balbu ing'ae mara moja kisha ififie karibu kuzimika. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti, na kwa sababu ya balbu hakuna kilichoungua. Zima, toa chaji, kisha fungua nyaya za upande wa pili wa transfoma, jozi moja baada ya nyingine. Ikiwaka hata baada ya zote kufunguliwa, transfoma yenyewe imekufa. Balbu ikififia ulipofungua jozi fulani, fuata jozi hiyo.

Balbu ikiwa imefifia vizuri, pima. Miguu ya hita iwe na volti 6.3 za AC au zaidi kidogo, kwa kuwa hakuna mzigo. Volti kubwa za AC ziwe sawa pande mbili. Kama rekitifaya ni dayodi, volti za DC zitakuwepo na zitakuwa juu kuliko kawaida, kwa sababu hiyohiyo ya kukosa mzigo, kwa hiyo hakikisha kapasita zinazihimili. Kama rekitifaya ni valvu, ichomeke hiyo peke yake. Mwisho pima bayasi kwenye mguu wa gridi (wavu unaodhibiti mkondo ndani ya valvu) wa kila valvu ya nguvu, ambao kwenye EL34 na 6L6 ni mguu wa 5. Isipokuwepo hasi ya makumi ya volti, valvu za nguvu hazirudi. Amplifaya za bayasi ya kathodi, ambapo rezista iliyo kwenye kathodi (sehemu inayotoa mkondo ndani ya valvu) ndiyo inayoweka bayasi, kama nyingi zinazotumia EL84, hapo husoma sifuri, na ndivyo inavyotakiwa.

Hatua ya 6: Kapasita ndogo inayosema uongo

Valvu za nguvu zikiwa bado nje na volti kubwa zikiwepo, endelea kupima kwenye gridi. Kapasita inayopeleka sauti kutoka anodi ya valvu ndogo kwenda gridi ya valvu ya nguvu inapaswa kuzuia DC kabisa. Za karatasi na nta zilizonyonya unyevu huvuja. Mita ukiitumia kupima omu inatoa volti chache tu, na kwa volti chache kapasita mbovu inaonekana nzima.

Nikupe niliyoyaona. Amplifaya ndogo ya EL84 mbili, bayasi ya kathodi. Kapasita zake nilizipima zikiwa baridi, mita haikusoma kitu, nikaridhika. Nilipowasha bila valvu, mguu wa 2 wa soketi moja ukasoma sifuri, na mguu wa 2 wa soketi ya pili ukaanza volti 3, ukapanda 6, ukatulia kwenye 11. Rezista ya gridi ilikuwa kiloomu 470, kwa hiyo kilichokuwa kinavuja ni maikroampea 23 tu. Kidogo mno, utasema. Lakini kathodi ya valvu ile hukaa kwenye volti 10 hivi, na hizo 10 ndizo breki yake yote. Gridi ikiwa na 11, breki imeondolewa. Valvu mpya ningeiweka hapo, anodi yake ingekuwa nyekundu ndani ya dakika moja, na ningeilaumu valvu.

Kwa hiyo: kwenye bayasi ya kathodi, zaidi ya nusu volti chanya kwenye gridi, badilisha. Kwenye bayasi ya volti hasi, gridi mbili zinazotofautiana kwa zaidi ya volti moja mbili zinakuambia hivyo hivyo. Weka ya plastiki ya volti 630 yenye thamani ileile.

Ukibadilisha na volti bado zipo, shuku bodi. Zile nyeusi za faiba zikinyonya unyevu hupitisha umeme juu ya uso wake. Gusa ncha ya mita kwenye bodi tupu, pasipo na waya wala tundu, karibu na sehemu yenye volti kubwa. Ukisoma volti kadhaa pale pasipo na kitu, umempata mwizi. Joto la taratibu kwa saa nyingi husaidia. Pasiposaidia, inyanyue miguu ya gridi kutoka kwenye bodi uiunganishe hewani.

Hatua ya 7: Valvu zirudi

Zitazame kwanza. Doa la fedha juu au ubavuni mwa kioo likiwa limegeuka jeupe, hewa imeingia na valvu imekwisha. Pima hita kwa omu: miguu 2 na 7 kwenye EL34, 4 na 5 kwenye EL84 na ECC83 (hii ni valvu ndogo). Ikisoma kuanzia omu moja hivi hadi makumi, hita nzima. Miguu yenye kutu isugue kwa brashi laini na alkoholi, kisha chomeka na kuchomoa kila valvu mara kadhaa; kusugua huko kunasafisha soketi. Soketi iliyolegea, kaza kibano chake kwa sindano, plagi ikiwa nje.

Unganisha spika au rezista kubwa ya omu 8. Bila mzigo, volti ndani ya transfoma ya kutolea sauti hupanda hadi kutoboa insulesheni yake.

Chomeka valvu ndogo, washa kupitia balbu, subiri. Kisha zima, ongeza za nguvu, washa tena. Balbu itang'aa hita zikiwa baridi, halafu itapungua ibaki na mwanga wa wastani. Punguza taa ya chumba uangalie anodi. Wekundu wowote kwenye bati la anodi, zima palepale. Mwanga wa buluu kwenye uso wa ndani wa kioo si tatizo. Ukungu wa zambarau kati ya vyuma vya ndani ni gesi, na valvu hiyo haifai.

Ikitulia, toa balbu, uchomeke moja kwa moja, na upime bayasi mara moja. Mfano wa EL84 mbili zenye rezista moja ya kathodi ya omu 130: ukisoma volti 10.4, mkondo ni miliampea 80, yaani 40 kwa kila valvu. Volti kati ya anodi na kathodi zikiwa 300, hiyo ni wati 12, ambayo ndiyo mwisho wa EL84. Amplifaya nyingi za aina hiyo zimeundwa kufanya kazi pale ukingoni. EL34 mwisho wake ni wati 25. Kwa bayasi ya volti hasi mimi huiweka kwenye asilimia 70, na kwa volti 450 hiyo inakuwa miliampea 39 hivi.

Sasa sikiliza

Mvumo mzito usiobadilika unapopunguza sauti unatoka upande wa nguvu: kapasita ya kuchuja uliyoiacha, au valvu za nguvu zisizolingana. Umeme wa nyumba ukiwa wa hezi 50, mvumo wa kapasita uko kwenye 100 na una ukali kidogo. Ule wa 50, mnene na laini, mara nyingi ni wa hita au wa ethi iliyolegea.

Mkwaruzo unapozungusha volyumu ni uchafu tu. Dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, kidogo, zungusha mara 30. Ukikwaruza bila kuguswa, kama mafuta kikaangoni, shuku rezista za kiloomu 100 za anodi za valvu ndogo. Toa valvu moja moja kuanzia ya kwanza. Mkwaruzo ukikoma, umefika kwenye hatua yake. Valvu inayolia kama kengele ukiigonga kwa penseli imelegea ndani. Ihamishie mahali pasipo na ukuzaji mkubwa kabla hujaitupa.

Sauti dhaifu yenye mikwaruzo kila noti inaponyanyuka, huku volti zote zikiwa sawa, iliwahi kunisumbua siku 2. Ilikuwa jeki ya kuingizia, ile yenye swichi ndani, ambayo kibano chake kilikuwa na utando mweusi usioonekana kwa macho. Kipande cha karatasi ngumu kilicholoweshwa alkoholi, kikapitishwa mara 3, kikamaliza kazi.

Baada ya hapo iache ikipiga kwa sauti ya chini kwa saa 4, uwe chumba kilekile. Kila nusu saa nusa, gusa transfoma kwa mgongo wa mkono, tazama anodi. Transfoma iwe ya moto lakini mkono uvumilie. Mwisho wa saa 4 pima bayasi tena, na gridi tena, kwa sababu kapasita zinazovuja zikishapata moto huvuja zaidi. Zima, toa chaji, rudia kesho yake ikiwa baridi. Namba za siku mbili zikilingana, rudisha kifuniko.